Neno la Kutokea Matopeni

Baba mkwe wangu ndiye mtu wa kwanza upande huu wa nchi kuniuliza maji ya bahari yakipwa huwa yanaenda wapi. Wanafunzi wangu hawajawahi kuuliza. Wao huandika tu ninachosoma: kupwa, maji kupungua ufuoni, kujaa, maji kurudi, bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, maji mafu, wakati yanaposogea kidogo tu. Wakimaliza hufunga daftari na kusubiri kengele ya chakula. Nafundisha Kiswahili katika shule moja karibu na Ekerenyo, ambako maji tunayoyajua ni mvua ya mchana na chemchemi ya bondeni, na sijamlaumu mtoto yeyote kwa kukariri bahari bila kuiona. Mimi mwenyewe niliikariri hivyo hivyo nikiwa msichana kule Marani. Nilipata alama zote, na bado sikujua kama bamvua ni mnyama au ni chakula.

Mzee yeye aliuliza. Alikuwa upande wake wa ua wa miiba ya kayaba, mimi nikiwa upande wangu naanika nguo.

"Mwalimu," alisema, "hii maji ya pwani ikitoka inaenda wapi?"

"Hayaendi mbali, Tata. Yanarudi nyuma, halafu yanakuja tena."

"Kila siku?"

"Kila siku, mchana na usiku."

"Na hakuna mtu anaifukuza?"

Nilicheka mpaka nikaangusha shati matopeni. Yeye hakucheka. Alikuwa na swali lake na alitaka jibu, basi nikamweleza habari za mwezi, kadiri ninavyozijua mimi, yaani kidogo sana.

Lazima niseme kwa nini mazungumzo hayo yalipitia uani. Kwetu Abagusii, mke wa mwana na baba mkwe wake huishi katika boma moja bila kukaribiana. Tunaita chinsoni, na maana yake ni aibu na heshima zikiwa zimesukwa pamoja mpaka huwezi kuzitenganisha. Namwita Tata, yaani baba, ila hatupeani mikono. Yeye haingii nyumbani mwangu hata mvua ya mawe ikinyesha. Atasimama chini ya mparachichi alowe. Nikimwona anakuja njiani, mimi ndiye natoka, nakanyaga majani mpaka apite. Naye hukohoa kabla ya kupinda kona, ili nijitengeneze. Na kuna maneno hayasemwi kati yetu kabisa: ya mwili, ya choo, ya uzazi, ya kitanda. Wageni husema huo ni mzigo. Mimi sikuwahi kuuona hivyo. Kile kikohozi kilinieleza kila siku kwamba kuna mtu mzima kuliko mimi ambaye ananihesabu kuwa mtu.

Kiswahili ndicho kilichotutobolea tundu katika ua ule. Kwa Ekegusii yeye alikuwa baba wa mume wangu, na kila sentensi ilikuwa na uzito wa baba. Kiswahili alikiokota ujanani katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho, kwa hivyo akikizungumza alikuwa kama amevaa koti la kuazima, na mimi nilikuwa mwalimu tu. Hakuwa na haja na ngeli. Mume wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii na husema maneno machache katika lugha zote, alishangaa kusikia baba yake anacheka uani na mtu, na mtu mwenyewe akawa mimi.

Tukawa tunabadilishana. Nilimpa bamvua, yeye akanipa tope la bonde letu. Alinieleza ni tope gani linafaa matofali na lipi ukilichoma linapasuka. Lipi mama yake alilichanganya na mavi ya ng'ombe kukandika ukuta, na lipi ukilikandika linakudondokea kabla hujanawa mikono. Nilimpa methali, *maji yakijaa hupwa*, na akaipenda kuliko zote. Mpwa wake alipokuja kututembelea na gari jipya akaliegesha katikati ya uwanja kila mtu alione, mzee alilizunguka taratibu, akaligonga kidogo kwa fimbo, kisha akasema kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Maji ikijaa inapwa." Mpwa alidhani anaambiwa kuhusu rejeta.

Siku moja akataka kujua mimi nimeyaona wapi hayo yote, nikamsimulia.

Kazi yangu ya kwanza ya ualimu ilikuwa pwani ya kusini, katika kijiji chenye mikoko. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyeokota kombe maji yakitoka. Nilimfuata siku za mapumziko kwa sababu ya upweke, na kwa sababu niliona haya kufundisha kitu ambacho watoto wa pale walikifahamu kwa nyayo. Yeye ndiye aliyenifumbua macho kwamba hilo neno pwani lenyewe ni mahali maji yalipopwa. Ndiye aliyenitofautishia kukwama na kutopea. Kukwama, alisema, ni gari, ni mlango, ni mfupa kooni. Kitu kimekataa kwenda, basi. Kutopea ni kuzama huku ukijitahidi kutoka, na jitihada zako ndizo zinazokuzamisha.

Nilitopea mbele yake. Nilikanyaga pasipofaa, nikazama mpaka mapajani, nikaanza kuvuta miguu kama punda. Yeye hakunikimbilia.

"Usivute," alisema. "Ukilivuta nalo linakuvuta. Lala."

"Nilale wapi?"

"Hapo hapo. Kifudifudi, kama uko kitandani kwako. Zungusha unyayo polepole, maji yaingie. Mguu mmoja, halafu wa pili. Na watu wakija na kamba, wakatae. Kamba itakutoa, ila haitakutoa mzima."

Nililala kwenye tope na gauni langu zuri, nikazungusha mguu, nikatoka. Nilitambaa mpaka kwenye mizizi ya mkoko nikiwa mweusi mwili mzima, na yule mama akacheka hadi akakaa.

Nilimsimulia mzee hayo yote uani kwa furaha, na kwa sababu simulizi ilikuwa tamu sikujichunga. Nilikuwa nimeshasema "lala, kama uko kitandani kwako" ndipo niliposikia nimesema nini na nani anasikia. Kisha mzee akakohoa kile kikohozi chake cha kuja, isipokuwa mara hii alikuwa anaondoka. Masikio yalinichoma. Kwa siku kadhaa hakuja uani, na mimi nikawa naanikia nguo nyuma ya jiko. Aliporudi aliuliza habari za bamvua kama kwamba hakuna lililopita. Nikajua nimesamehewa, na nikajua pia kwamba neno lile silirudii.

Bonde letu lina mashimo. Zamani watu walichimba udongo wa matofali pale chini, kando ya kijito, na udongo mzuri ulipokwisha wakaenda zao wakaacha mashimo wazi. Yamejaa maji, maji yakajaa tope, tope likaota majani, na mgeni akipita huona malisho. Mzee hakuwa mgeni. Alikuwa na nduma zake ng'ambo ya pale, na alijua njia ya kuzunguka. Lakini msimu ule mvua ndefu zilikuwa zimevunja kingo, na njia aliyoijua haikuwepo tena.

Nilikuwa natoka shuleni. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, na ile ya pili ilikuwa inajikusanya juu ya kilima. Nilipinda penye mikaratusi, na nikamwona baba mkwe mbele yangu, nami nikafanya nilichofanya maisha yangu yote ya ndoa: nikatoka njiani, nikakanyaga majani, nikainamisha macho nimpishe.

Hakupita. Nilipoinua macho niliona kwamba ni mfupi. Koti lake lilikuwa limetandazika juu ya majani pande zote, na chini ya koti hakukuwa na miguu. Alikuwa ndani ya shimo mpaka mapajani, wima, fimbo mkononi.

"Mwalimu," alisema, "umetoka shule?"

"Nimetoka, Tata."

"Watoto wako sawa?"

"Wako sawa."

Maji ya kijito yalikuwa yanaingia shimoni polepole kutoka upande wa juu. Tuliyaona sote wawili. Alijaribu kuinua mguu wa kulia, na nikaona uso wake ukikaza, na nikaona ameshuka kidogo kuliko alivyokuwa.

"Hii," aliniuliza, "ni ile ya kukwama ama ni ile ya kutopea?"

"Ni kutopea, Tata."

"Nilifikiria hivyo."

Alinitazama, jambo ambalo huwa hafanyi, halafu akatazama nduma zake. Nilikuwa na neno. Lilikuwa mdomoni, limeshajitengeneza. Nilichotakiwa kufanya ni kulisema, na baada yake yale mengine ya kuzungusha unyayo. Chinsoni ilinizuia nisimshike mkono; mdomo wangu haikuufunga, au niseme nilidhani imeufunga, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa lile lile lililomfukuza uani. Kumwambia mzee wa kanisa, baba wa mume wangu, alale chini mbele yangu. Sikuweza. Mimi ambaye hulipwa kwa kusema maneno.

"Ngoja niite watu," nilisema.

"Enda," akasema haraka. "Enda, enda."

Sikwenda, si kwa maana aliyoitaka. Kumwacha peke yake maji yakiingia niliona ni ukatili. Nilipanda kidogo tu, hadi kwenye kituta ambapo sauti yangu ingefika juu kwenye kituo cha kupimia chai na bado ningemwona. Niliita. Kila nilipoita niligeuka nimtazame. Kila nilipogeuka alikuwa wima, ananitazama pia, au anatazama nduma, na koti lilikuwa limeinuka juu zaidi kiunoni. Hakusogea. Nilijiambia kwamba anangoja kwa subira kama mtu mzima, na nilimsifu moyoni.

Wakaja wanaume wawili wakikimbia na kamba ya katani ya kufungia ng'ombe. Walimfungua koti, wakapitisha kamba chini ya kwapa. Niliona suruali inaanza kuachia, basi nikageuka, nikawapa mgongo, nikatazama mikaratusi. Hiyo nayo ni adabu. Nyuma yangu nilisikia wanahesabu wavute pamoja. Nilitaka kusema mlazeni kwanza. Nilifungua mdomo. Mmoja akasema "vuta," nikasikia kitu kama bua la mahindi linapovunjwa, na baada yake nikasikia sauti ya mzee ikipanda. Sikuwahi kumsikia akiinua sauti kabla ya hapo, hata kwa ng'ombe.

Walimtoa. Gambuti zote mbili zilibaki chini, na ziko huko hadi leo.

Hospitalini Kisii walituambia nyonga imechomoka, na kwamba kwa umri wake hata ikirudi haitakuwa ile. Ilirudi, na haikuwa ile. Alikaa kitandani hadi mavuno ya mahindi yakapita, kisha wakampa chuma cha kutembelea, kile chenye miguu minne, ambacho anakiinua, anakiweka, anakifuata. Hashuki tena bondeni. Nduma zake navuna mimi, nazipeleka kwa mama mkwe zikiwa zimeoshwa, na sichukui hata moja.

Hatia ningeibeba. Sifa ndizo zilizonishinda. Sabato ya kwanza baada ya ajali wanawake walinizunguka nje ya kanisa. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mwalimu amemkuta baba mkwe ndani ya shimo, hakumgusa, hakumrukia, alitoka njiani akampisha, akaita wanaume, akawapa mgongo. Mmoja alisema wasichana wa siku hizi wangejitosa humo na kumkumbatia mzee kama mume. Mwingine alisema amewaambia binti zake waje kwangu wajifunze. Niliwashukuru. Ningefanya nini?

Mama mkwe wangu hana mazoea ya kusifu mtu. Mkate wangu wa kwanza katika boma lile alisema unaliwa. Alikuja mlangoni na kuku jike, miguu imefungwa kwa kitambaa cha leso yake, akaniwekea mikononi. "Umemtunzia mzee heshima yake," alisema, akaenda. Sikuweza kumchinja yule kuku. Yuko mpaka sasa, anataga nyuma ya gunia la makaa jikoni kwangu, na kila yai namrudishia mzee kupitia kwa mama, ambaye naye kwa hayo mayai ananisifu upya.

Nilijaribu kumwambia mume wangu. Nilimwambia kwamba nilijua namna ya kumtoa, kwamba ningeweza kumwambia alale.

"Umwambie baba alale?" alisema. "Wewe?" Akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akaniambia nilifanya sawa na kwamba nisijitese. Nilikasirika naye kwa siku nzima. Nilitaka mtu mmoja, mmoja tu, aniambie nimekosa, na boma zima lilikuwa limekula njama ya kuniona mwema.

Uani hakukuwa na mtu tena. Mwaka huu darasani nilipofika kwenye kitenzi kutopea nilikiruka. Mwanafunzi aliyekuwa amesoma mbele aliniuliza maana yake, nikamwambia atafute kamusi, tena kwa ukali, mpaka wenzake wakamtazama kwa huruma. Nilijua ninavyokuwa nikiona haya: nakuwa mkali.

Halafu ikafika siku moja ya soko la Ekerenyo. Mama mkwe alikuwa ameondoka na ndizi asubuhi. Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nachambua maharagwe kwenye baraza. Nikasikia kile chuma. Kinagonga, kinanyamaza. Kinagonga, kinanyamaza. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye ua ni uwanja wa majani ambao zamani aliuvuka akipiga mluzi. Nilimsikiliza akiuvuka, na maharagwe yangu yalikuwa yamekwisha zamani kabla hajafika. Mwishoni akakohoa.

"Mwalimu. Uko?"

Nilisimama, nikaenda hadi kwenye ua. "Niko, Tata."

"Wanasema kuteleza si kuanguka."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na kutopea? Kutopea wanasema ni nini?"

Nilikuwa nimeipanga hotuba kwa miezi. Haikuja. Nilisema tu, "Tata, siku ile nilijua la kufanya. Nilijua namna ya kukutoa na sikukwambia."

"Najua," alisema. "Hata mimi nilijua."

Niliushika ua.

"Si ulinifunza? Hapa hapa. Usivute. Zungusha mguu, maji iingie. Kamba ikatae." Akasita. "Na ile ingine pia. Nilikumbuka yote."

"Mbona basi hukufanya?"

"Wewe ulikuwa hapo."

Aliisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwa nini nduma zilioza. "Nilikuambia enda. Nilisema, akienda tu, nitafanya vile yule mama wa pwani alisema. Ukaenda hapo juu kidogo, ukasimama. Nikangoja. Nikasema sasa ataenda. Ukaita watu, ukaangalia mimi. Ukaita tena, ukaangalia. Mzee atajilaza namna gani kwa matope kama nguruwe, na mokamwana, bibi ya kijana yangu, anaangalia?"

Kayaba ina miiba, na nilikuwa nimeishika. "Kama ningesema je?" niliuliza.

"Kama ungesema, ningelala. Ni mwalimu amesema, si mimi nimetaka. Kama ungeenda, ningelala. Sasa wewe hukusema na hukuenda."

Kwa hivyo muda wote ule nilikuwa nimebeba kosa lisilo lenyewe. Nililia usiku na mchana kwa sababu ya kunyamaza kwangu, na kilichomfunga mzee shimoni kilikuwa macho yangu, yale macho ya huruma niliyoyageuza kumtazama kila nilipoita, nikidhani namliwaza. Nilimlinda mpaka nikamvunja. Kisha wakati ambao kweli ilifaa nitazame na kusema, watu walipofunga kamba, ndipo nilipogeuka nikatazama miti.

"Nisamehe, Tata," nilisema.

Hakujibu hilo. "Shule imefungwa lini?" aliuliza.

"Juzi, Tata."

"Watoto wako sawa?"

"Wako sawa."

Ndipo nilipoisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya siku ile, ya mtu anayesalimia akiwa ndani ya shimo. Nilichungulia kwenye uwazi wa majani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya kile chuma, hadi miguu ya chuma ilikuwa inagongagonga chini. Jasho lilimtoka. Alikuwa amekuja mbali kuliko nguvu zake, na mlango wake ulikuwa kule, na mama mkwe alikuwa sokoni. Hakuwa na namna ya kurudi, na hangekaa chini. Mimi nilikuwa hapo.

Ningeweza kuondoka. Nilifikiria kuingia ndani na kufunga mlango ili apate faragha yake, na nikamwona akilini akianguka peke yake akivunjika upande wa pili.

"Lala, Tata," nilisema.

Gongagonga ikaacha kidogo.

"Hapo hapo kwenye majani. Shikilia chuma, shuka kwa goti lile zima kwanza, polepole. Halafu lala." Ilikuwa sauti yangu ya darasani, ile isiyongoja kuulizwa mara mbili. Nilipomaliza nikageuka, nikaupa ua mgongo, nikakaa chini upande wangu.

Nilisikia chuma kikisogezwa. Nilisikia goti, kisha kiganja, kisha pumzi ndefu, kisha majani yakilala chini ya kitu kizito. Lilikuwa neno fupi kuliko kikohozi chake, na halikumuua yeye wala mimi. Hapo nikalia, kwa sauti ambayo lazima aliisikia.

"Nimelala," alisema.

"Vizuri, Tata."

Tukangoja mama arudi kutoka sokoni. Jua lilikuwa la kawaida. Kuku wangu wa sifa alipita baina ya miiba akaenda upande wake, akarudi. Baada ya muda mzee aliuliza, kutoka chini kwenye majani, "Mwalimu, saa hii huko pwani maji iko wapi?"

Sikujua. "Yanajaa, Tata," nilimwambia, nikabaki palepale nikiwa nimempa mgongo, kama nilivyopaswa kufanya siku ile.